Stima Isiyo na Mvuke: Mtambo wa Dizeli na Deni la Wanakiswahili

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usilolijua ni sawa na usiku wa giza. Methali hii ina uzito wa pekee inapomhusu mtu aketiye chini ya taa ya umeme asijue umeme huo umetoka wapi, umepatikanaje, na kwa nini mwezi huu umemgharimu kuliko mwezi uliopita. Chumba chake kina mwanga, ilhali mwenyewe yumo gizani.

Nchini Kenya, watu wa aina hii si wachache. Miji kadhaa ya mbali, hasa kaskazini, imelelewa na vituo vidogo vya umeme vinavyotumia dizeli: Wajir, Mandera, Marsabit na Lodwar ni mifano. Mji wa kale wa Lamu nao ulitegemea injini za namna hiyo kwa miaka mingi, hadi ulipofikiwa na nyaya za gridi ya taifa katika miaka ya 2010. Wakazi wa miji hii wameujua mtambo wa dizeli kwa ngurumo yake, kwa moshi wake, na kwa kimya kinachotanda ghafla mafuta yanapokwisha au injini inapoharibika. Jambo ambalo hawajapewa ni maelezo kamili ya mtambo huo katika lugha wanayoweza kuulizia maswali.

Makala haya yanashikilia msimamo kwamba ukosefu huo wa maelezo si kosa la wahandisi pekee. Ni deni la wanakiswahili pia, wanafunzi kwa wahadhiri, ambao kwa muda mrefu wamejadili uundaji wa istilahi bila ya kuzipeleka istilahi hizo mahali zinapohitajika.

Historia ndani ya neno

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. Mkenya wa kawaida hasemi "umeme umekatika". Husema "stima imepotea". Neno hili lina asili yake katika neno la Kiingereza lenye maana ya mvuke, na Waswahili wa pwani walilitumia kwanza kwa meli zilizoendeshwa kwa mvuke. Baadaye maana ilihama kutoka melini hadi kwenye taa. Uhamaji huu haukosi mantiki. Njia mojawapo ya kale ya kupata umeme kutokana na mafuta ni kuyachoma ili kuchemsha maji. Mvuke unaotokea huelekezwa kwenye mapanga ya gurudumu, gurudumu likazunguka na kuendesha jenereta. Katika mtambo kama huo, stima ni stima kweli.

Katika kituo kidogo cha dizeli, hata hivyo, hakuna maji yanayochemshwa wala mvuke unaosukuma kitu. Mafuta huwaka ndani ya injini yenyewe. Ajabu ni kwamba neno lililobaki nyuma kwa miaka mingi sasa limepata tena maana yake: Olkaria, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1981, umeme hupatikana kwa mvuke utokao ardhini, na leo mvuke huo ni mojawapo ya nguzo kuu za umeme wa Kenya.

Watanzania nao husema "kufua umeme". Kitenzi hicho kinamkumbusha msikilizaji mhunzi afuaye chuma kwa nyundo na moto. Aliyekichagua hakuhitaji kuazima neno lolote. Alilitazama tendo geni akaliona ndugu wa tendo lililokuwa tayari katika lugha. Huu ni ushahidi kwamba Kiswahili hakikukaa kikiusubiri umeme uje na majina yake yote.

Uhusiano wa umeme na ulimwengu wa Waswahili ni wa kale pia. Historia ya umeme nchini Kenya husimulia kwamba mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliipata jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar akaihamishia Mombasa, na hapo ndipo kampuni ya kwanza ya umeme mjini humo ilipoanzia. Kwa hivyo umeme wa Kenya ulianza na mtambo mdogo, katika mji wa Waswahili, ukiwa umetoka katika mji mwingine wa Waswahili. Ni jambo la kusikitisha kwamba zaidi ya karne moja baadaye, maelezo ya kazi ya mtambo wa aina hiyo bado hutafutwa katika lugha nyingine.

Jinsi dizeli inavyozaa umeme

Wapo wanaodai kwamba mambo haya hayaelezeki kwa Kiswahili. Jibu bora la dai hilo ni kuyaeleza.

Safari huanzia tangini. Dizeli huvutwa kwa pampu, hupitishwa katika chujio ili kuondolewa maji na takataka, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa hadi kwenye nozeli. Wakati huohuo, ndani ya silinda, pistoni hupanda na kuibana hewa hadi ujazo wake upungue mara 15 au zaidi. Hewa ikibanwa kwa ghafla hupata joto, kama anavyojua kila mtoto aliyewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli kisha akagusa mwisho wa pampu. Katika silinda ya dizeli joto hilo hupita nyuzi 500 za selisiasi. Nozeli inapopuliza mafuta katika hewa hiyo, mafuta huwaka yenyewe bila ya kuhitaji cheche ya plagi. Gesi inayotokana na mwako hupanuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu, nayo pistoni huuzungusha mhimili. Mapigo ni manne: kuvuta hewa, kuibana, kuwaka na kutoa moshi. Baada ya hapo mzunguko huanza upya, mamia ya mara kwa dakika. Hiyo ndiyo injini aliyoifanikisha Mjerumani Rudolf Diesel mwaka 1897.

Hadi hapo umepatikana mzunguko tu, umeme bado. Mhimili wa injini umeunganishwa na jenereta, na ndani ya jenereta mna sumaku inayozunguka katikati ya mizingo ya nyaya za shaba zisizosogea. Mwaka 1831, Mwingereza Michael Faraday alidhihirisha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na mzingo wa waya, mkondo wa umeme huzuka katika waya huo. Kituo kizima cha umeme, kiwe kidogo kama cha mji wa mpakani au kikubwa kama cha Kipevu kule Mombasa, kimesimama juu ya jambo hilo moja.

Mkondo huo hubadilisha mwelekeo huku na huko, na nchini Kenya hufanya hivyo kwa kukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Ili kuupata mwendo huo, jenereta yenye ncha nne za sumaku sharti izunguke mara 1,500 kwa dakika, bila ya kuzidi wala kupungua. Hapa ndipo kifaa kiitwacho gavana kinapofanya kazi yake. Magharibi ikiingia na watu wakawasha taa kwa pamoja, mzigo wa jenereta huongezeka na injini hutaka kupunguza mwendo. Gavana huhisi hali hiyo na kuongeza mafuta. Watu wakilala na kuzima taa, hupunguza. Kwa maneno mengine, taa iwashwayo nyumbani hunywa mafuta kituoni papo hapo.

Hatimaye transfoma hupandisha umeme hadi volti 11,000, kwa mfano, ili usafiri kwenye nyaya bila ya kupotea sana njiani. Karibu na nyumba, transfoma nyingine huushusha hadi volti 240. Mtambo mkubwa kama Kipevu III, wa takriban megawati 120, uliozinduliwa mwaka 2011, hufuata utaratibu uleule, ila huchoma mafuta mazito ambayo sharti yapashwe moto kwanza ndipo yatiririke.

Katika maelezo haya yote, mna maneno ya Kibantu kama mwako na mkondo. Mna maneno ya kukopa kama silinda, nozeli na gavana. Hakuna hatua hata moja iliyokwama kwa kukosa neno.

Hesabu ya lita moja

Baada ya kuelewa jinsi, yafaa kuelewa kiasi. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban uniti 10 za umeme, yaani kilowati-saa 10. Injini ya kituo kidogo, ikiwa na afya njema na mzigo wa kutosha, hutoa kama uniti tatu na nusu kutokana na lita hiyo. Zilizobaki, zaidi ya nusu, huondoka kama joto kupitia bomba la moshi na rejeta. Injini iliyochakaa au inayozunguka ikiwa na mzigo mdogo hutoa pungufu ya hapo.

Kwa hesabu hii, nyumba itumiayo uniti 30 kwa mwezi huwa imekunywa kati ya lita 8 na 9 za dizeli. Iwapo lita itauzwa kwa shilingi 140, mafuta pekee yatagharimu shilingi 40 kwa kila uniti, kabla ya mishahara, vipuri, nyaya na kodi. Aidha, kila lita ichomwayo hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksidi. Msomaji asishangae kwamba lita yenye uzito usiofika kilo moja huzaa kilo 2.7 za gesi. Kaboni iliyomo katika mafuta huungana na oksijeni ya hewani, nayo oksijeni ndiyo inayoongeza uzito.

Hesabu kama hii haihitaji shahada. Yahitaji mtu wa kuieleza. Mkazi anayeielewa anaweza kuuliza kwa nini injini kuukuu haijabadilishwa, au kwa nini paneli za jua haziongezwi ili injini ipumzike mchana. Asiyeielewa atalalamika tu kwamba stima ni ghali.

Nani analipa, na je, anajua?

Dizeli inayotumika nchini huagizwa kutoka ng'ambo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na tangu hapo mafuta hufika bandarini yakiwa tayari yamesafishwa. Yale yanayokwenda katika miji ya mbali hukamilisha safari kwa malori, mara nyingi kwenye barabara mbovu. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 huko Turkana, wakati mji wa Lodwar katika eneo hilohilo ukiwashwa kwa dizeli iliyosafiri kutoka pwani. Vilevile mwaka 2019 ulizinduliwa mradi mkubwa wa upepo wa Ziwa Turkana, wa megawati 310, katika kaunti ya Marsabit. Umeme wake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ilhali mji wa Marsabit wenyewe ulikuwa bado unategemea injini za dizeli wakati wa uzinduzi huo. Mgala muue na haki yake umpe: zipo sababu za kiufundi, kwa kuwa nyaya za msongo mkubwa haziwezi kuchovywa popote bila ya kituo cha gharama kubwa. Lakini je, mkazi wa Marsabit amewahi kuelezwa sababu hizo katika lugha aijuayo? Asipoelezwa, analobaki nalo ni uchungu na uvumi.

Bei nayo ni fumbo. Mtumiaji wa umeme nchini Kenya hutozwa gharama ya mafuta ambayo hupanda na kushuka kila mwezi. Gharama hiyo hukokotolewa kwa kanuni maalumu kulingana na mafuta yaliyochomwa katika mitambo, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hugawanywa kwa wateja wote. Mteja wa Wajir na wa Nairobi hutozwa kwa viwango vilevile, kwa hivyo wa Nairobi humsaidia wa Wajir kununua dizeli. Huu ni mshikamano wa kitaifa ambao ungestahili kujulikana na kujadiliwa. Badala yake, umefichika katika jedwali la Kiingereza, na ujumbe wa tokeni unaoingia katika simu ya mama muuza samaki kwa kawaida humfikia katika lugha hiyohiyo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika ibara ya 7. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari, na ya 46 inampa mtumiaji haki ya maelezo yatakayomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa na huduma. Ibara hizi tatu zikisomwa kwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi ambavyo maelezo yasiyoeleweka yanaweza kuhesabiwa kuwa maelezo. Mnamo Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati zipatazo 1,000 uliokusudiwa kujengwa Lamu, na mojawapo ya sababu zake kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ushirikishwaji hauwezi kutenganishwa na lugha. Hakuna awezaye kushiriki katika mjadala ambao maneno yake hayajui.

Kuna jambo zito zaidi ya bei. Jenereta ndogo za petroli na dizeli zimeenea madukani na majumbani. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu aliyelala chumbani ambamo jenereta inanguruma. Onyo la hatari hii aghalabu huandikwa ubavuni mwa jenereta kwa lugha za kigeni. Desemba 2009, hitilafu iliyoikumba njia ya umeme utokao bara iliiacha Unguja bila umeme wa gridi hadi Machi 2010, na jenereta ndogo zikawa tegemeo la wenye uwezo. Katika hali kama hiyo, tafsiri ya sentensi moja yaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya uhandisi, na kwamba vitabu vya mitambo havitaandikwa upya. Ni kweli, wala hakuna anayedai mhandisi achomewe vitabu vyake. Linalodaiwa ni maelezo kwa anayelipa na kwa anayeishi jirani na mtambo.

Wengine husema Kiswahili hakina maneno. Hawa wangefaa kwenda Lamu wakamsikilize fundi wa jahazi akitaja mlingoti, foromali, tanga, usukani, mkuku na sehemu nyingine nyingi za chombo chake. Lugha iliyoweza kuitaja jahazi kutoka mkuku hadi ncha ya mlingoti haiwezi kushindwa na injini. Bomba ni neno lililotoka kwa Wareno, na hakuna Mswahili anayelionea ugeni leo. Dizeli ni jina la mtu. Waingereza pia walilichukua lilivyo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Katika miji mingi yenye mitambo hii, lugha ya mama si Kiswahili bali ni Kisomali, Kiborana, Kirendille au Kiturkana. Je, Kiswahili hakitakuwa mlango mwingine uliofungwa? Hatari hiyo ipo, na wanakiswahili wanapaswa kuikiri. Hata hivyo, Kiswahili hufundishwa katika kila shule, husikika katika kila soko, na maelezo yakiwa tayari katika lugha hiyo, kuyahamishia Kiborana ni kazi nyepesi kuliko kuyatoa moja kwa moja katika jedwali la Kiingereza.

Deni na namna ya kulilipa

Lawama iliyobaki ni ya nyumbani. Mwanafunzi wa Kiswahili chuoni huweza kutaja mbinu za kuunda istilahi bila ya kusitasita: ukopaji, unyambuaji, uambatanishaji, tafsiri mkopo na kadhalika. Huzitaja, hupata alama zake, akaenda zake. Akiulizwa nozeli ni nini na hufanya kazi gani, hunyamaza. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini kamusi ni ghala, na nafaka iliyo ghalani haijamshibisha mtu hadi ipikwe.

Mapishi yenyewe yanawezekana. Kwanza, watafiti waende kwa mafundi. Wanaume na wanawake wanaoilinda injini usiku kucha wana msamiati wao, wa kukopa na wa kubuni, ambao umekwisha kupimwa kwa kazi. Msamiati huo ukusanywe kabla ya kubuniwa mwingine ofisini. Pili, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vitafsiri na kufafanua tangazo la gharama ya mafuta kila mwezi, ukurasa mmoja tu, ubandikwe sokoni na usomwe redioni. Tatu, idara zikubali tasnifu zinazohusu nathari ya sayansi kwa uzito uleule zinaoupa ushairi na riwaya. Kueleza kwa uwazi ni sanaa pia, na wenye fasihi ndio waliofunzwa kuipima sentensi. Nne, majarida kama haya yatenge nafasi kwa makala ya kuelezea vitu, si ya kujadili tu jinsi vitu vinavyopaswa kuitwa.

Hitimisho

Mitambo midogo ya dizeli haitadumu milele. Baadhi yake imekwisha kuchanganywa na jua na upepo, na mingine itanyamaza nyaya za gridi zitakapofika. Lakini betri na paneli zitakazokuja zitakuwa na gharama zake, hatari zake na mikataba yake, na zote zitahitaji kuelezwa. Wanakiswahili wasipoanza na injini, ambayo imenguruma masikioni mwa watu kwa zaidi ya karne, wataanza na nini? Mkazi wa Mandera au wa Lodwar hangoji Kiswahili kithibitishwe kuwa lugha ya sayansi katika kongamano. Anangoja mtu amweleze, kwa maneno anayoyajua, kwa nini taa yake imezimika na ni nani wa kuulizwa.